Deni la Umbo la Kuazima: Jinsia katika Michezo ya Lubumbashi, kutoka Kinyago cha Pwo hadi Kioo cha Video

Neno mchezo, katika Kiswahili cha Lubumbashi kama katika Kiswahili cha pwani, hukusanya chini ya paa moja ngoma, thieta, soka, bao na mashindano yanayochezwa mbele ya kioo cha televisheni, na mkusanyiko huo una sababu yake, kwa kuwa nyingi kati ya shughuli hizo husimama juu ya tendo moja, nalo ni mtu kuazima umbo la mtu mwingine na kulitembeza mbele ya macho ya watu. Anayecheza ngoma ya kinyago, anayeigiza jukwaani na anayeshika kidhibiti cha mchezo wa video wote huiweka kando kwa muda nafsi ambayo majirani wameizoea, na mara nyingi huvuka hata mpaka unaodhaniwa kuwa mgumu kuliko yote, yaani mpaka wa jinsia. Kwa hiyo swali la namna watu wa transijenda wanavyoonyeshwa katika michezo ya video, ambalo wahakiki wa Ulaya na Marekani wamelijadili kwa bidii tangu miaka ya 2010, lilipofika Katanga, eneo la Kongo ulipo mji huu, lilikuta nyumba yenye wenyewe.

Kwa neno transijenda anakusudiwa mtu ambaye jinsia anayoitambua ndani ya nafsi yake haiwiani na ile aliyoandikishiwa alipozaliwa. Mtu huyo ni tofauti na mwigizaji, kwa kuwa mwigizaji huvua umbo la kuazima ngoma inapokwisha, ilhali mtu wa transijenda haazimi chochote na maisha anayoishi ni yake mwenyewe. Tofauti hii ni ya lazima kwa yeyote anayetaka kuisoma historia ya Katanga bila kuipotosha. Hata hivyo sanaa za zamani za nchi hii zilishika kanuni moja ambayo viwanda vya michezo ya video vilichukua miongo mingi kuikaribia: kwamba anayeazima umbo la mwingine ana deni, na kwamba deni hilo hulipwa mbele ya mashahidi.

Mji wa Lubumbashi ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Élisabethville, mwaka uleule reli ya kutoka Rhodesia ilipoufikia, na tangu mwanzo ulikuwa mji wa watu waliotoka mbali. Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, iliyoundwa mwaka 1906, iliajiri wafanyakazi kutoka pande zote za nchi na ng'ambo ya mipaka, hata Walamba na Wasanga wa karibu wakajikuta wakiishi mlango kwa mlango na Wabemba wa kusini, Waluba wa kaskazini na wa Kasai, pamoja na Walunda na Wachokwe wa magharibi. Kila kundi lilikuja na ngoma zake, na kati ya yote yaliyobebwa hadi mjini, mambo mawili yanastahili kutazamwa kwa karibu: kinyago cha Wachokwe kinachoitwa pwo, na cheo cha Waluba kinachoitwa mwadi.

Pwo, kwa Kichokwe, maana yake ni mwanamke. Kinyago chenye jina hilo, ambacho huitwa pia mwana pwo kinapoonyesha msichana aliyefikia umri wa kuolewa, ni uso wa mti uliochongwa kwa ulaini usio wa kawaida: macho yaliyofumbwa nusu ndani ya mabonde yake, mdomo ulioachwa wazi kidogo ukaonyesha meno yaliyochongoka, alama yenye umbo la msalaba katikati ya paji la uso, na chini ya macho mistari mifupi inayoshuka kama machozi. Nywele zimesukwa kwa nyuzi za mimea kwa mtindo ule ambao wanawake wa kijiji wanausuka. Chini ya kinyago, mchezaji huvaa vazi lililofumwa likabana mwili mzima, lenye maziwa ya mti kifuani na vitambaa vilivyofungwa kiunoni ili kukuza nyonga, kisha hucheza kwa hatua fupi zilizopimwa, akiizungusha nyonga taratibu. Mchezaji huyo ni mwanamume, na vinyago vya aina hii ni sehemu ya ulimwengu wa mukanda, yaani jando la Wachokwe na jamaa zao, ambalo siri zake zilifichwa kwa wanawake.

Kinachokipa kinyago hiki uzito wa pekee ni namna kilivyopatikana. Masimulizi yaliyokusanywa na wataalamu wa sanaa ya Wachokwe, hasa Marie-Louise Bastin, yanaeleza kwamba mchongaji alimchagua mwanamke fulani aliyesifiwa kwa uzuri, akamtazama kwa muda mrefu, akaiweka sura yake katika mti. Na mchezaji alipokichukua kinyago kilichokamilika, alimlipa mchongaji pete ya shaba iliyohesabiwa kuwa mahari. Tangu hapo mchezaji alikuwa amefungwa na kinyago kwa kifungo kinachofanana na ndoa, na alipokufa kinyago kilizikwa pamoja naye. Katika nchi ambayo shaba yake imechimbwa na kusafirishwa kwa maelfu ya tani, na ambayo kati ya mwaka 1971 na mwaka 1997 mkoa mzima wa Katanga uliitwa Shaba, inagusa moyo kukumbuka kwamba kipande kidogo cha madini hayohayo kilitumika kukiri kwamba sura ya mtu haichukuliwi bure.

Wanawake waliosimama kuzunguka uwanja hawakuwa watazamaji wa kunyamaza. Pwo alidai kuwaonyesha wao, na kwa hiyo wao ndio waliojua kama hatua imekosewa, kama nyonga imezidishwa hadi kuwa dhihaka, kama ule mwendo wa mwanamke anayejiheshimu umeshikwa au umepotezwa. Hukumu yao ilitolewa papo hapo, kwa vigelegele au kwa kunyimwa vigelegele, na inaweza kuitwa bila kutia chumvi uhakiki wa mchezo uliofanywa na wale wanaoonyeshwa ndani ya mchezo. Hata hivyo haifai kuipamba desturi hii kupita kiasi. Wanawake waliheshimiwa katika umbo la pwo, lakini hawakuruhusiwa kukivaa kinyago, na heshima iliyotolewa kwa umbo lao haikuwafungulia mlango wa mukanda. Deni lililipwa kwa mchongaji, ilhali mwanamke ambaye sura yake ilichongwa hakupokea pete yoyote. Kasoro hiyo ya zamani itaonekana tena, katika mavazi mengine, mbele ya kioo cha video.

Kwa Waluba uvukaji wa mpaka wa jinsia ulifikia mahali pa juu zaidi, kwa kuwa uligusa kiti cha mulopwe, mfalme mwenyewe. Katika ufalme wa Waluba, uliokua kuzunguka bonde la Upemba na mito ya Lualaba na Lomami, mfalme aliyekufa hakuachwa aende zake. Mji wake uligeuka kuwa kitenta, makao ya roho yake, na roho hiyo ilimshukia mwanamke aliyeitwa mwadi. Mwadi aliishi katika makao ya marehemu, alirithi alama zake za utawala, maofisa wake na hata wake zake, na alilinda mabaki yake matakatifu yaliyohifadhiwa ndani ya kikapu. Alipozungumza katika hali ya kupandwa na roho, aliyezungumza alikuwa mfalme. Mwadi alipofariki, mwanamke mwingine wa ukoo wake alishika nafasi yake, na hivyo mfalme mmoja wa kiume aliweza kuendelea kuishi katika miili ya wanawake kadhaa, kizazi baada ya kizazi, huku mtawala aliye hai akiwajibika kumpelekea zawadi.

Hapa mahari ya pete inaonekana kuwa ndogo, kwa sababu mwadi alilipa kwa maisha yake yote. Hakuwa na siku ya kuvua umbo alilolivaa. Watafiti wa sanaa Mary Nooter Roberts na Allen F. Roberts, ambao kitabu chao kuhusu kumbukumbu na sanaa ya Waluba kilitoka mwaka 1996, wameonyesha jinsi wazo hili lilivyoenea hata katika vitu vya mti: viti vya enzi, fimbo za utawala na vishikio vya pinde vya wafalme wanaume vilichongwa katika umbo la wanawake, mara nyingi wakiwa wameshika matiti yao, kama ishara ya siri za ufalme zilizotunzwa ndani. Mfalme mwenyewe, katika sherehe za kutawazwa, alisukwa nywele kwa mtindo wa kike. Yaani mamlaka kamili, kwa fikra za Waluba, hayakukaa vizuri katika jinsia moja peke yake.

Ingekuwa kosa kumwita mwadi au mchezaji wa pwo mtu wa transijenda kwa maana ya leo. Mwadi hakusema kwamba yeye ni mwanamume; jamii nzima ilisema kwamba mfalme yumo ndani yake, na tofauti kati ya kauli hizo mbili ni kubwa. Lakini wale wanaodai kwamba wazo lenyewe la mtu kuwa na jinsia isiyolingana na mwili wake ni bidhaa mpya iliyoshushwa na ndege kutoka Ulaya, pamoja na simu na michezo, wanapaswa kujibu mbele ya historia hii. Waluba walilikuta wazo hilo, wakalipa nyumba, walinzi, kikapu na kodi.

Yaliyofuata yanaweza kusimuliwa kwa kifupi. Ufalme uliodhoofishwa na vita vya kurithi kiti mwishoni mwa karne ya 19 uligawanywa na wakoloni, Kasongo Nyembo aliyeupinga utawala wa Wabelgiji akakamatwa mwaka 1917 na kupelekwa uhamishoni, na mfumo wa vitenta ukapoteza walipaji wake. Mjini, Union Minière ilianza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwahimiza wafanyakazi waje na wake zao na kukaa kambini, na kambi hizo zilijengwa juu ya picha moja ya familia: baba anayeshuka kazini, mama anayepokea posho ya chakula na kujifunza ushonaji kwa masista, watoto wanaopimwa uzito. Wanawake walioishi peke yao mijini katika Kongo ya Wabelgiji walitozwa kodi yao ya pekee, kana kwamba kutokuwa chini ya mume ni biashara. Hivyo ule mpaka wa jinsia unaoitwa leo wa asili ya Mwafrika ulichorwa, kwa sehemu kubwa, katika vitabu vya ofisi ya kampuni. Kinyago cha pwo kiliendelea kucheza, lakini mara kwa mara kwa wito wa wakubwa waliotaka maonyesho ya ngoma za asili katika sikukuu za serikali, na pale hakuna mwanamke wa Kichokwe aliyeombwa kutoa hukumu.

Mji ukazaa michezo yake mwenyewe. Tangu miaka ya 1950 thieta ya Kiswahili ilisikika redioni na baadaye kuonekana kwenye televisheni, na kundi lililojulikana kuliko yote lilikuwa la Mufwankolo, lililobeba jina la kisanii la kiongozi wake Odilon Kyembe Kaswili. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyefundisha Lubumbashi katika miaka ya 1970, alilifuatilia kundi hilo mwaka 1986 lilipotunga mchezo kuhusu madaraka, na katika kitabu alichokitoa mwaka 1990 alionyesha kwamba mchezo ule haukuwa na maandishi kamili, kwa kuwa waigizaji waliujenga kwa kubishana, kujaribu na kusahihishana. Maana yake ni kwamba katika thieta ya Lubumbashi uhakiki ulianza kabla ya onyesho, ndani ya mazoezi yenyewe, na kila mhusika alipita katika midomo ya watu wengi kabla hajasimama.

Michezo ya video iliingia katika mji wenye mazoea hayo. Katika mitaa ya Kenya, Katuba, Kamalondo na Ruashi, mchezo wa video haukuwa kwanza mali ya mtu binafsi chumbani mwake. Ulikuwa chumba cha biashara chenye televisheni moja au kadhaa, viti vya plastiki, mashine za PlayStation zilizotumika tayari kwingine, na watoto na vijana wanaolipia mechi au muda. Kidhibiti, ambacho wachezaji wa mji huu wanakiita kwa neno la Kifaransa, maneti, hupita mkono hadi mkono hadi maandishi ya vitufe vyake yanafutika. Wanaosubiri zamu husimama nyuma ya wanaocheza na kusema bila kukoma: wanasifu, wanakosoa, wanatabiri, wanazomea. Uhakiki wa kawaida wa mchezo wa video, ule usioandikwa na mtaalamu bali unaotolewa na mchezaji wa kila siku, kwa Lubumbashi ulizaliwa hapo, kwa sauti. Na ndani ya mashine zenyewe, hasa katika betri za simu na za vifaa vya kuchezea vya mkononi, imo kobalti, madini ambayo zaidi ya theluthi mbili ya uzalishaji wake duniani hutoka Kongo, sehemu kubwa ikitoka Katanga ya zamani. Nchi inayotoa mwili wa mchezo haikuulizwa lolote juu ya wahusika watakaokaa ndani yake.

Wahusika hao walianza vibaya. Mwaka 1988 kampuni ya Nintendo ilitoa Super Mario Bros. 2 huko Amerika Kaskazini, na kijitabu kilichofuatana na mchezo kilimweleza kiumbe aitwaye Birdo kwa kiwakilishi cha kiume, kikisema kwamba anadhani ni msichana na angependa aitwe kwa jina jingine. Mwaka uliofuata kampuni ya Capcom ilitoa Final Fight, mchezo wa kupigana mitaani, na kati ya maadui alikuwamo Poison, mwenye nywele za waridi, ambaye wabunifu wake walikuja kumweleza kuwa mtu wa transijenda. Katika toleo la Super Nintendo lililouzwa Amerika Kaskazini aliondolewa na nafasi yake kupewa mhusika wa kiume, kwa kuogopa kwamba wanunuzi wasingekubali kuona mwanamke akipigwa. Katika visa hivi viwili kuna msingi mmoja unaouma: umbo la watu halisi lilichukuliwa, likatumiwa kwa kicheko au kwa kupigwa, na hakuna pete iliyolipwa kwa mtu yeyote. Wahakiki wa miaka ile walipima rangi, sauti na ugumu wa viwango, wakapita.

Jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba watu wa transijenda hawakuwa nje ya mlango wakati hayo yakitendeka, kwa kuwa walikuwa ndani ya karakana. Danielle Bunten Berry, Mmarekani aliyebuni M.U.L.E. mwaka 1983 na The Seven Cities of Gold mwaka 1984, alianza kuishi waziwazi kama mwanamke mwaka 1992 na kufariki mwaka 1998. M.U.L.E. ulikuwa mchezo wa wachezaji wanne kwenye mashine moja, uliojengwa juu ya imani kwamba kompyuta inafaa kukusanya watu badala ya kuwatenga, na yeyote anayekijua chumba cha michezo cha Katuba, chenye watu kumi wanaoishi mchezo mmoja kwa pamoja, ataitambua imani hiyo mara moja. Fundi wa kiwango hicho alikuwapo, lakini mtu wa aina yake kwenye kioo alibaki kuwa kichekesho.

Mabadiliko yalikuja polepole. Mwaka 2014 mchezo wa Dragon Age: Inquisition ulimleta Krem, askari mwanamume wa transijenda anayeheshimiwa na wenzake, ingawa sauti yake ilitolewa na mwigizaji mwanamke asiye wa transijenda. Mwaka 2018 ulitoka Celeste, mchezo wa kupanda mlima, na miaka miwili baadaye mbunifu wake, Maddy Thorson, alieleza kwamba Madeline, msichana apandaye mlima huo, ni wa transijenda, na kwamba yeye mwenyewe alijifahamu zaidi katika safari ya kumtengeneza. Mwaka 2020 studio ya Kifaransa ya Dontnod ilitoa Tell Me Why, ambamo mchezaji humwongoza Tyler Ronan, kijana wa transijenda anayerudi nyumbani kwao Alaska pamoja na pacha wake; sauti ya Tyler ni ya August Aiden Black, ambaye naye ni mwanamume wa transijenda, na studio ilishauriana na shirika la GLAAD linalofuatilia jinsi watu wa aina hii wanavyoonyeshwa katika vyombo vya habari. Kwa kipimo cha pwo, hatua hiyo inapita hata kanuni ya kale, kwa sababu hapa yule ambaye sura yake inachongwa ndiye anayepokea pete.

Kesi ya Vivian inaonyesha jinsi lugha inavyoweza kulificha au kulifichua deni. Katika Paper Mario: The Thousand-Year Door wa mwaka 2004, toleo la Kijapani lilimwonyesha Vivian akidhihakiwa na dada zake kwa sababu ya jinsia yake, lakini waliotafsiri kwa Kiingereza waliliondoa jambo hilo lote, wakaacha dhihaka juu ya sura tu. Mchezo ulipotengenezwa upya mwaka 2024, Kiingereza kilimrudishia Vivian maneno yake, naye akasema mwenyewe kwamba ilimchukua muda kutambua kuwa yeye ni dada yao. Miaka 20 ilipita kati ya matoleo hayo mawili, na kwa miaka hiyo yote mhusika huyo alichezwa na watu wasiojua kwamba amenyamazishwa.

Mchezaji wa Lubumbashi huipokea michezo hii kwa Kifaransa au kwa Kiingereza, lugha ambazo viwakilishi vyake vya nafsi ya tatu kwa kawaida hutaja jinsia, kisha huijadili kwa Kiswahili, lugha ambayo kiambishi chake a- hakisemi kama mtendaji ni mwanamume au mwanamke. Maelezo ya Birdo, yakisemwa kwa Kiswahili, hupoteza nusu ya ukatili wake: anadhani ni msichana, basi, na aliyeandika hapati mahali pa kuingiza kile kiwakilishi cha kiume kinachomsuta. Kiluba na Kichokwe, lugha za mwadi na za pwo, zina tabia hiyohiyo. Katika nyumba nyingi za Lubumbashi neno yaya humwita aliyekutangulia kuzaliwa, awe kaka au dada, na kwa Ciluba cha watu wa Kasai, wanaosikika kila mtaa wa mji huu, shangazi huitwa tatu mukaji, yaani baba mwanamke, bila mtu yeyote kuona ajabu. Haifai kuigeuza sarufi kuwa wema. Lugha isiyotenga jinsia katika vitenzi imetumika pia kuwatukana watu, na sheria nayo ina sauti yake: Kongo haina kifungu kinachotaja waziwazi watu wa transijenda kuwa wahalifu, lakini kifungu cha kanuni ya adhabu kuhusu matendo ya kuvunja heshima hadharani kimetumiwa dhidi ya watu wanaotofautiana na wengine, na miswada ya kuongeza makali iliwasilishwa bungeni mwaka 2010 na mwaka 2013, ingawa haikupitishwa. Kwa hiyo kijana wa transijenda wa Ruashi anayeingia katika chumba cha michezo huingia akiwa na tahadhari ambayo jirani yake hana, na anaposhika maneti na kuchagua mhusika, huenda hiyo ndiyo dakika pekee ya siku anayochagua umbo lake bila kuulizwa.

Mchezo unaotawala vyumba hivyo, hata hivyo, hauna Krem wala Tyler. Ni soka, na isingeweza kuwa vinginevyo katika mji wa TP Mazembe, klabu iliyoanzishwa mwaka 1939, iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara tano na kufika fainali ya Kombe la Dunia la Vilabu mwaka 2010. Kwa muda mrefu mchezo wa soka wa kampuni ya EA Sports ulikuwa na wanaume peke yao. Timu za taifa za wanawake ziliingia katika toleo la FIFA 16, lililotoka mwaka 2015, zikacheza upande wao. Mpaka ulivunjwa katika EA Sports FC 24, lililotoka mwaka 2023, ambapo katika sehemu ya kujijengea kikosi wanawake na wanaume waliweza kwa mara ya kwanza kuwekwa katika timu moja. Wachezaji wengi duniani walinung'unika, wakasema kwamba haiwezekani mwanamke amshinde beki mwanamume kwa mbio, kana kwamba katika mchezo huohuo hawakuwa wamezoea kuwakutanisha wachezaji waliostaafu na waliozaliwa miongo mitatu baadaye. Manung'uniko yale ndiyo yale yanayomfuata kila mhusika wa transijenda: umbo moja tu ndilo linaloulizwa kama ni la kweli. Mwaka mmoja baadaye, Novemba 2024, wanawake wa TP Mazembe wakawa mabingwa wa Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Afrika, na mji ukawashangilia.

Tangu hapo kijana wa Kamalondo, hatua chache kutoka uwanja wa Mazembe, anaweza kukaa katika kiti cha plastiki na kupanga washambuliaji wawili, mwanamume na mwanamke, kwa kuwa alama zao zinafaa katika kikosi chake. Menyu humwandikia kwa Kifaransa, lugha inayotenganisha jinsia. Mpira unapigwa, kipa anaruka, wavu unatikisika, na wale waliosimama nyuma yake wakisubiri zamu wanapaza sauti kwa pamoja: amefunga!